Nywele na Majina Yake: Historia Fupi ya Maneno ya Ususi katika Bukoba na Muleba

UTANGULIZI

Istilahi nyingi tunazoshughulika nazo katika kazi yetu ni za mambo mapya: mitambo, sheria, magonjwa, hesabu za benki. Jambo jipya likifika, watu hukosa jina lake, nasi huulizwa. Ni mara chache tunapoulizwa jina la kitu ambacho kila mwananchi amezaliwa nacho. Nywele ni kitu cha namna hiyo. Hakuna adhaniaye kwamba nywele za kichwa chake zina upungufu wa maneno, mpaka siku atakapojaribu kueleza kwa Kiswahili fasaha namna ya kuzitunza.

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza historia ya maneno yatumikayo kwa utunzaji wa nywele za Mwafrika, na hasa nywele za mwanamke wa makamo ambaye, baada ya miaka mingi ya kuzinyoosha, ameamua kuziacha zikae kama zinavyoota. Tumechagua Bukoba na Muleba, katika Mkoa wa Kagera, kwa sababu tatu. Kwanza, Kiswahili hakikuzaliwa huko. Kilifika kikiwa kimekwisha kubeba maneno ya watu wa pwani. Pili, Bukoba uko kwenye njia ya biashara kati ya Mwanza na Kampala, kwa hiyo mitindo na bidhaa za nywele hupita hapo pamoja na majina yake. Tatu, ukanda wa ziwa ni miongoni mwa sehemu za nchi yetu zipatazo mvua nyingi kupita nyingine, kiasi cha milimita 2,000 hivi kwa mwaka mjini Bukoba. Na hewa yenye unyevu hudhihirisha upesi tabia ya nywele zetu.

Hoja yetu ni moja. Kiswahili kina maneno mazuri na ya kale ya kutunza nywele zilizojisokota. Lakini katika muda wa vizazi vichache maneno hayo yalisukumwa pembeni na mengine ambayo huzitaja nywele hizo kwa upungufu wake. Matokeo ni kwamba mwanamke arejeaye kwenye nywele zake hukuta lugha iliyo tayari kumweleza alichoacha, wala si alicho nacho.

MANENO YA KALE

Kwanza kabisa ni vyema tuonyeshe kwamba lugha yetu si maskini katika jambo hili. Nywele za kichwani, nyusi, kope, ndevu, sharubu, malaika ya mwilini, mvi: kila moja ina jina lake, wala hakuna haja ya kuunganisha maneno mawili kama ilivyo katika lugha nyingine. Neno mvi lina ndugu zake katika lugha za Kibantu. Jirani zetu Waganda, kwa mfano, husema envi.

Vitenzi navyo ni vingi. Nywele husukwa, husongwa, husokotwa, hufumuliwa, huchanwa, hunyolewa. Zikitoka zenyewe husemwa kwamba zinanyonyoka, neno tulitumialo pia kwa manyoya ya kuku. Afanyaye kazi ya kusuka ni msusi, na kazi yake ni ususi. Mitindo ina majina yatokanayo na maisha ya kila siku: matuta, kwa kuwa mistari ya kichwani hufanana na matuta ya shamba, mabutu, misuko ya uzi, na twende kilioni, yaani mistari rahisi iendayo moja kwa moja nyuma, ambayo mwanamke aliyepata habari za msiba anaweza kusukwa upesi akaondoka.

Maneno mengine yanastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu yamehifadhi elimu ambayo wengi wetu tumeisahau. Chukua chanuo, kitana kikubwa cha mti chenye meno marefu yaliyoachana. Jina hilo linatokana na kuchanua, kitenzi kile kile tukisemacho kwa ua linapofunguka. Msemaji wa kwanza aliyekiita kifaa hicho chanuo alijua kwamba nywele zilizojisokota hazipasuliwi kwa nguvu, bali hufunguliwa pole pole kama ua. Kuchana, kinyume chake, kuna maana mbili: kupitisha kitana, na kupasua kitu kama karatasi au nguo. Mtu atumiaye kitana chenye meno madogo kwenye nywele kavu za Mwafrika hutimiza maana zote mbili kwa wakati mmoja.

Kadhalika kuna methali ambayo kila mtoto wa shule anaijua: mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Walimu hutufundisha kwamba maana yake ni kujiandaa kwa jambo lililomfika mwenzio. Hiyo ni kweli. Lakini methali haiwezi kusimama bila ya desturi iliyoizaa. Watu walijua kwamba nywele zikilowa hulainika na kutii wembe. Zikiwa kavu, humwumiza mwenye kichwa. Kanuni hiyo ya maji kwanza, chuma baadaye, ndiyo ifundishwayo leo na wataalamu wa nywele za aina hii, nao huitaja kama jambo jipya.

KISWAHILI KINAFIKA ZIWANI

Maneno tuliyoyataja yalipandaje kutoka pwani hadi ziwa? Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Zanzibar walikuwa na kituo huko Kafuro, katika Karagwe. Msafiri Mwingereza Speke alifika Karagwe mwaka 1861 pamoja na wapagazi na askari waliozungumza Kiswahili, na Stanley alikaa Kafuro mwaka 1876. Mwaka 1890 Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba, na utawala huo ulikitumia Kiswahili katika ofisi na shule zake.

Sasa, Kiswahili cha pwani kilikuwa na ususi wake, nao ulifungamana na mimea ya pwani: mafuta ya nazi, mafuta ya ufuta, maua ya yasmini. Mnazi si mti wa Kagera. Katika nchi za Maziwa Makuu watu walijipaka siagi ya ng'ombe, na Wahaya walikuwa na maneno yao: mafuta ni amajuta, kunyoa ni okumwa, kichwa ni omutwe. Hivyo mwanamke wa Muleba aliyejifunza Kiswahili alipokea maneno ya utunzaji wa nywele yasiyolingana kamili na vitu vilivyokuwamo nyumbani mwake. Maarifa ya bibi yake yalibaki katika Kihaya. Kiswahili kikawa lugha ya shule, ya soko na, baadaye, ya saluni. Jambo hili si dogo. Elimu ikikaa katika lugha moja na biashara ikakaa katika nyingine, biashara ndiyo itakayotoa majina.

KIPILIPILI NA SINGA

Majina mawili yalikuja kutawala mazungumzo yote ya nywele. Nywele za Mwafrika zikaitwa za kipilipili, na nywele ndefu, laini, zilizolala zikaitwa za singa. Neno singa aghalabu huelezwa kwa mfano wa nywele za Wazungu, Waarabu au Wahindi. Kwa maneno mengine, moja ya aina mbili kuu za nywele katika lugha yetu ni aina ambayo wasemaji wengi wa lugha hiyo hawanayo.

Wasikiao kipilipili leo huenda wakadhani ni pilipili kali iwashayo, na wengi huona tusi ndani yake. Asili yake si hiyo. Pilipili ifananishwayo hapa ni pilipili manga, ambayo punje yake iliyokauka ni ndogo, nyeusi, ya mviringo na yenye mikunjo. Tena mfano huo haukubuniwa na Waswahili peke yao. Kwa Kiarabu pilipili ni filfil, na nywele zilizojisokota sana zimeitwa mufalfal. Waingereza nao wamezifananisha na punje za pilipili. Inaelekea, basi, kwamba mfano huu ni wa watu waliozitazama nywele hizo kutoka nje, katika bahari ambako pilipili manga ilikuwa bidhaa ya kila bandari.

Kuna kosa jingine la kiistilahi ambalo halijazungumzwa vya kutosha. Punje za pilipili huonekana kichwani wakati nywele ni fupi, zimenyolewa si siku nyingi, na hazijachanuliwa. Zikiachwa zikue zikatunzwa, hakuna punje tena. Kuna misokoto, kuna shungi, kuna msitu. Kipilipili, basi, si aina ya nywele bali ni hatua mojawapo ya ukuaji wake. Kuliita kichwa kizima cha mwanamke kwa jina hilo ni sawa na kuuita mgomba kwa jina la chipukizi lake, jambo ambalo Mhaya asingelikubali hata kidogo, maana yeye ana majina mengi ya migomba kwa kadiri ya aina na matumizi yake.

MAWIGI NA AFRO

Baada ya Uhuru, nywele ziliingia katika siasa. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo ilikusudiwa kuanza jijini Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969. Vilivyopigwa marufuku ni pamoja na sketi fupi mno, suruali za kubana, mafuta ya kujichubua, na mawigi. Tamko hilo lilizusha mjadala mkali katika magazeti. Wengine waliunga mkono kwa kuwa mawigi yalionyesha kasumba ya kikoloni. Wengine waliuliza kwa nini utamaduni wa taifa upimwe juu ya miili ya wanawake.

Sisi hatukusudii kuamua shauri hilo hapa. Tunalotaka kuonyesha ni kwamba mjadala ule ulijua vizuri jina la kilichokatazwa, lakini haukuwa na jina la kile kilichotakiwa kibaki. Mwanamke akivua wigi, kichwani pana nini? Jibu la vijana wa mijini lilikuwa afro, mtindo wa nywele zilizochanuliwa zikasimama, uliotoka Marekani kwa Weusi wenzetu mwishoni mwa miaka ya 1960. Hivyo nywele za Mwafrika zilirudi Afrika zikiwa na jina lililotungwa ng'ambo kutokana na jina la bara lenyewe. Neno lilikuwa zuri, nalo lilitumika sana. Lakini lilikuwa neno la ujana na la mtindo. Bibi wa Kamachumu au wa Nshamba aliyekuwa na nywele zile zile kichwani hakuambiwa kamwe kwamba ana afro.

DAWA

Mabadiliko makubwa kuliko yote yalikuja baadaye. Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa kutoka nje, na katika kipindi cha Rais Ali Hassan Mwinyi, kuanzia 1985 hadi 1995, maduka yaliyokuwa matupu yalijaa. Miongoni mwa bidhaa hizo zilikuwamo za kunyoosha nywele na za kuzitia mawimbi makubwa. Hizi za pili ziliitwa kalikiti, neno lililotoholewa kutoka jina la Kiingereza. Za kwanza zilipata jina lililo fupi, jepesi na lenye nguvu kuliko yote: dawa.

Tangu hapo msamiati mzima wa saluni ulijengwa juu ya neno hilo. Nywele hutiwa dawa. Dawa hushika au hukataa. Nywele mpya zikiota, mwenyewe huambiwa arudie dawa, au, kwa lugha ya saluni, aritachi. Nywele zilizoachwa kama zilivyo huitwa nywele zisizo na dawa. Hilo ndilo jambo lililotushtua zaidi katika uchunguzi huu. Nywele ambazo mtu amezaliwa nazo zilipoteza jina lake, zikawa zinatajwa kwa kitu zilichokikosa.

Itasemwa kwamba neno dawa ni pana: tuna dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, na hakuna anayedhani kwamba kiatu ni kigonjwa. Pingamizo hili ni la haki. Lakini dawa ya viatu haikigeuzi kiatu kuwa kitu kingine, na dawa ya meno haihitaji kurudiwa kwa sababu jino limeota kwa umbo lake. Dawa ya nywele hutumika kuondoa umbo la asili, na kila umbo hilo linaporudi kutoka mzizini huhesabiwa kama ugonjwa uliorejea. Tena kitenzi chenyewe, kunyoosha, kina uzito wa maadili katika lugha yetu. Mtu mwema amenyooka. Mtoto mkaidi hunyooshwa. Nywele zilizopinda zina nafasi gani mbele ya maneno kama haya?

Zaidi ya hayo, jina dawa limeficha hatari. Aina nyingi za vinyoosha nywele vyenye nguvu hutumia sodiamu haidroksaidi, yaani kostiki soda, ile ile itumiwayo na watengenezaji wa sabuni. Huvunja vifungo vya salfa vinavyoushikilia unywele, na ikikaa muda mrefu huunguza ngozi. Mwaka 2022 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa muda wa karibu miaka 11. Walikadiria kwamba saratani ya mfuko wa uzazi ingewapata asilimia 1.64 ya wasiotumia vinyoosha nywele kufikia umri wa miaka 70, na asilimia 4.05 ya wale wavitumiao mara kwa mara. Uhusiano si uthibitisho wa chanzo, na watafiti wenyewe walitaka uchunguzi uendelee. Hata hivyo, ni vigumu kumwonya mtu juu ya kitu ambacho jina lake ni dawa.

MWANAMKE WA MAKAMO

Sasa tumtazame yule ambaye makala haya yanamhusu hasa: mwanamke wa Bukoba au Muleba mwenye umri wa miaka hamsini au sitini hivi. Historia ya kichwa chake, kama ilivyo kwa wengi wa rika lake, inaweza kuelezwa kwa vitenzi vitatu. Alipokuwa shuleni alinyolewa, kwa kuwa katika shule nyingi za serikali wasichana hutakiwa kuwa na nywele fupi. Alipomaliza shule alisukwa. Alipopata kazi au kuolewa alitiwa dawa. Msomaji atatambua kwamba vitenzi vyote vitatu viko katika kauli ya kutendwa. Mama huyu anaweza kuufikia utu uzima bila ya kuwahi kukaa na nywele zake mwenyewe hata mwaka mmoja, akazijua zinavyokua, zinavyokauka, zinavyopokea maji.

Kisha umri huleta mambo yake. Mvi huingia, kwa sababu mizizi ya nywele hupunguza kutoa rangi. Baada ya hedhi kukoma, nywele huweza kuwa nyembamba na chache. Mafuta ya asili ya ngozi hupungua. Na kwa nywele zilizojisokota upungufu huo huonekana mapema, kwa sababu hata ujanani mafuta hayo huteremka kwa shida katika mizingo ya unywele kuliko katika unywele ulionyooka. Juu ya hayo, miaka mingi ya misuko ya kubana huacha alama katika panja, ambapo nywele hunyonyoka na pengine hazioti tena. Wengine hunyonyoka utosini, na hiyo huweza kuwa dalili ya ugonjwa wa ngozi unaotakiwa kuonwa na daktari mapema, kabla mizizi haijafa.

Hapo mama huyu hukabiliwa na njia mbili. Anaweza kuendelea na dawa huku akifunika kichwa kwa kilemba au wigi. Au anaweza kukata nywele zote zilizonyooshwa, aanze upya. Wanaochagua njia ya pili si wachache siku hizi. Lakini aingiapo saluni, Kashai au mjini Muleba, akasema kwamba hataki dawa, aghalabu huulizwa: sasa tukufanyie nini, Mama? Swali hilo halitokani na ubaya wa moyo. Msusi amefundishwa kazi kwa maneno ya dawa, na yakiondolewa hayo hana mengine. Kuna methali isemayo kinyozi hajinyoi. Mwanamke naye hawezi kujitunza kisogoni peke yake. Anahitaji mwenziwe wa kuelewana naye. Na watu wawili hawawezi kuelewana juu ya kazi isiyokuwa na istilahi.

MANENO YALIYOPO NA YANAYOHITAJIKA

Utaratibu unaojulikana katika uundaji wa istilahi zetu ni kuanza kutafuta ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, halafu katika lugha nyingine za Kibantu, na mwisho katika lugha za kigeni. Tukiufuata, tunaona kwamba mengi ya maneno yanayotakiwa tunayo tayari.

La kwanza ni kutatua. Siku hizi neno hili ni la ofisini na la mikutanoni: viongozi hutatua matatizo. Lakini asili yake ni uzi uliojitatiza, na kutatua ni kuufungua uzi huo fundo kwa fundo. Nywele zilizojisokota hutatizana zenyewe kwa zenyewe, na kazi ya kwanza ya mtunzaji ni kuzitatua: kuzilowesha, kuzigawa mafungu, na kuanza nchani akielekea mizizini kwa vidole au kwa chanuo. Hakuna neno la kigeni lielezalo kazi hiyo vizuri kuliko hili.

La pili ni kurudi. Mafundi wa nguo husema kwamba kitambaa kikifuliwa hurudi, yaani hupungua urefu. Nywele zetu nazo, zikipata maji au hewa ya mvua, hujikunja na kuonekana nusu ya urefu wake au chini ya hapo. Katika Bukoba jambo hili hutokea takriban kila wiki, na wengi hulihesabu kuwa ni ishara ya nywele kutokukua. Msusi akisema, "Nywele zako hazijakatika, Mama, zimerudi tu," atakuwa ameondoa hofu kwa neno moja.

La tatu ni panja, ambalo wengi wamelisahau, wakawa wanatumia neno la Kiingereza kwa nywele za ukingoni mwa uso na juu ya masikio. Sehemu hiyo ndiyo iumizwayo kwanza na misuko ya kubana. Sehemu isiyotajwa haichungwi.

La nne ni kusokota, kwa maana ya kuzigawa nywele na kuzizungusha mbili mbili bila ya kubana, na matokeo yake yaitwe misokoto, ili itofautishwe na misuko. Tofauti hii ni ya manufaa kwa mwenye nywele chache, kwa kuwa msokoto hauvuti ngozi kama msuko ulioanzia mzizini.

La tano ni jina la kemikali yenyewe. Tunapendekeza iitwe kinyoosha nywele, kwa kuwa jina hilo hueleza kazi yake bila ya kuisifu wala kuilaumu. Mwanamke apendaye kuitumia ana hiari yake. Ila aitumie akijua kwamba ananyoosha, si kwamba anatibu.

Na nywele zenyewe ziitweje? Wapo wasemao nywele za asili au nywele asilia, na sisi tunaona kwamba majina hayo yanafaa kama yanatumiwa pale tu ambapo tofauti inahitajika. Katika matumizi ya kawaida neno nywele lingetosha. Mwenye mvi asiambiwe kwamba ana nywele asilia zenye mvi. Ana nywele, nazo zina mvi.

HITIMISHO

Tumejaribu kuonyesha kwamba historia ya nywele katika lugha yetu ni historia ya majina yaliyotolewa na watazamaji: wafanyabiashara wa pilipili, wanasiasa wa mjini, wauzaji wa makopo. Walioshika nywele hizo kwa mikono yao, yaani akina mama na mabibi, walikuwa na maneno yao, ila mengi hayakuandikwa. Katika Bukoba na Muleba sehemu kubwa ya maneno hayo imo katika Kihaya, na wenye kuyajua ni wale ambao majirani huwaita kwa heshima Ma, likafuatiwa na jina. Wao ndio wanaokumbuka namna ya kutunza kichwa bila ya dawa, kwa sababu walikua kabla ya dawa kuwa jambo la kawaida.

Kwa hiyo tunawaomba wasomaji wetu walioko Kagera, hasa walimu, wasusi na wauguzi, wakae na akina mama hao na kuandika maneno wayatumiayo: ya kulowesha, ya kutatua, ya kupaka mafuta, ya kufunga kichwa wakati wa kulala. Kila neno liandikwe pamoja na kazi yake na mahali lilipopatikana, kisha liletwe kwetu lijadiliwe pamoja na haya tuliyoyapendekeza. Hatuombi maneno ya makumbusho. Tunaomba maneno ambayo msusi wa Kashai anaweza kuyatumia kesho asubuhi, mteja wake wa makamo atakapoketi kitini, akafungua kilemba na kusema kwamba dawa basi.